Moyo wa Ame

Kila asubuhi ninapoosha uso huwa sina hakika ninamwosha nani. Pua ni ya Bi Tatu, mama yake baba, na hilo halina ubishi, maana mji mzima unalijua. Masikio ni ya mjomba mmoja aliyekuwa mpiga ngoma. Mabega ni ya mama. Goti la kushoto ni la mtu ambaye jina lake limesahaulika, ndiyo maana linauma ovyo msimu wa mvua na hakuna wa kumshitakia. Nikishampa kila mmoja chake najiuliza: sasa huyu anayeuliza ni wa nani? Swali hilo nimelibeba tangu utotoni na halijawahi kunikosesha usingizi. Nalipenda. Nalitoa asubuhi, nalitazama, nalirudisha mahali pake, kisha nakwenda kunywa chai.

Mji wetu hauna jina. Waasisi wake walishughulika mno kuitana majina wao kwa wao hata wakasahau kuupa mji la kwake. Uko juu ya kilima, lakini kilima chenyewe hakitulii; kuna siku unashuka ngazi kwenda sokoni na kuna siku unazipanda, na watu hubadilisha mkono wa kubebea kapu wakaendelea na safari yao. Miaka nayo haiji kwa foleni. Unaweza kuukuta mwaka wa utoto wako umekaa barazani umekunja nne, na kesho yenyewe ikakupita ubavuni bila salamu. Hatushangai. Kitu pekee kinachokwenda kwa mpangilio katika mji huu ni mwili. Meno hung'oka kwa zamu yake, ngozi hulegea kwa zamu yake, na hakuna aliyewahi kuurudisha nyuma hata siku moja.

Kwa hiyo tunauheshimu mwili kuliko saa. Ukikutana na mtu njiani si yeye peke yake unayemsalimu, unawasalimu na wenye viungo vyake.

"Shikamoo, pua ya Bi Tatu."

"Marahaba. Hujambo, kidevu cha Mzee Makame?"

"Sijambo. Na mabega ya mama yako yameamkaje?"

"Mazima. Goti tu ndilo linalonisumbua."

"La nani vile?"

"Hatumjui."

"Pole. Mfikishie salamu."

Salamu huchukua muda. Mtu aliyetumwa chumvi huweza kurudi watu wameshanawa mikono. Wageni hutucheka, nasi huwaonea huruma wao, wenye kusema hujambo moja kwa mwili mzima.

Haya yote huanza siku ya saba. Mtoto mchanga hulazwa juu ya kanga, kina mama watu wazima wa pande zote mbili wakamzunguka na kumtambua, kuanzia kisigino hadi utosi. Kisigino? Cha Bi Mize. Kitovu? Cha baba yake, tazama kilivyotokeza. Hasira? Ngoja alie. Mtoto hulia, wakasikiliza kwa makini, wakapitisha: ya babu yake, tena yote. Vicheko, kahawa, halua. Lazima kila kitu kipate mwenyewe. Mtoto akiinuliwa pale akiwa na kiungo kisicho na jina huhesabiwa kuwa hajafika kamili, na ikishindikana kabisa huzushiwa jina ili mambo yaende.

Mimi nilikwenda vizuri, naambiwa, mpaka walipofika kifuani. Shangazi yangu Mwanaisha, dada mdogo wa baba, alikuwa ndiye mwenye sikio lililoaminika. Akaliweka juu ya mbavu zangu. Akasikiliza. Kisha akasema maneno yaleyale aliyoyasema mwaka mmoja nyuma juu ya kaka yangu Kombo, na ambayo wakubwa wake waliyasema juu ya baba yetu:

"Moyo wa Ame."

Wakaendelea na tumbo.

Ame alikuwa baba wa babu yangu. Alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, mwaka wake wa hamsini na moja. Mwanawe Pandu alianguka mwaka huohuo wa umri. Vuai, baba yetu, hivyohivyo. Hakuna mwanamume wa kwetu aliyewahi kuiona hamsini na mbili ilivyo. Ukoo, ambao unawapenda wanaume wake kuliko unavyopenda kuuliza maswali, ulikuwa umeshaweka utaratibu tangu alipoanguka Ame. Moyo wa Ame ni moyo uliochoka, walisema. Aliuchosha kwa jembe kisha akatuachia. Basi aliye nao apumzike. Siku anayotimiza hamsini huoshwa miguu kwa maji ya mawaridi na kupandishwa kitandani, kitanda kirefu cha kuchonga chenye ngazi tatu, na tangu hapo unyayo wake haugusi tena ardhi. Hulishwa. Kikombe cha samli ya moto asubuhi, kikombe jioni, na katikati yake nyama za mbavu, mikate ya kukaanga, maziwa mazito ya kugandisha. Baada ya muda, kwenye kope zake, pembeni mwa pua, huchomoza vidoa viwili vya manjano. Hapo wanawake hupiga vigelegele. Samli imefika, wanasema, mpaka machoni.

Nataka nieleweke: hapakuwa na huzuni kitandani pale. Palikuwa na mito ya hariri, ubani, na wageni wa kila saa. Mtu aliyechapa kazi miaka hamsini hupata mwaka mmoja na kitu wa kuwa mfalme, watu wakamsikiliza hata akisimulia upuuzi. Wanawake wa ukoo wetu hawakupewa kitanda. Walifika themanini, tisini, wakitwanga na kupanda ngazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia wapumzike. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote na hatukuliona.

Kombo alipopandishwa kitandani mimi nilikuwa na arobaini na tisa. Kwa desturi, abebaye kikombe ni mmoja wa jamaa wa karibu watakaofuata kupanda, ili azoee. Nikawa mimi. Kombo ni fundi mwashi, mtu wa miraba minne, mwenye kucheka kwanza na kuuliza baadaye kilichochekesha. Alikilalia kitanda kile kama mtu aliyerudi nyumbani.

"Mcha," aliniambia siku ya kwanza akijifuta midomo, "nimejenga nyumba za watu thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyeniletea mto. Kumbe ilikuwa ni kulala tu."

Nilicheka naye. Nilikuwa na furaha, na ninaisema bila kuona haya, kwani kumtumikia umpendaye ni jambo tamu. Kila asubuhi nilichemsha samli jikoni, nikakishika kikombe kwa mikono miwili, nikapita ukumbi mrefu unaotoka jikoni hadi chumbani kwake.

Ukumbi ule ndio ulionigeuza.

Mwezi wa nane tangu Kombo apande kitandani, nilitoka jikoni nikiwa na miaka arobaini na tisa. Nilikuwa nikitazama samli isimwagike. Nilipofika mlangoni na kuinua macho, aliyelala kitandani alikuwa Baba. Mikono yangu iliyoshika kikombe ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na tisa, haina mshipa hata mmoja uliotokeza. Sikushituka; nilikuwa nimeingia mwaka mwingine, na mambo hayo hutokea kwetu. Baba alinyanyuka kwa kiwiko, vidoa vyake vya manjano vikimeta, akapokea, akanywa yote bila kuvuta pumzi, akanirudishia kikombe. "Ahsante, mwanangu. Mkono wako hautetemeki siku hizi." Nikainama kumfuta kidevu. Nilipoinuka nilikuwa ninamfuta Kombo.

Niulize mimi ni nani. Mimi ni mkono unaobeba. Nimembebea huyu, nimembebea yule. Baba yangu alimbebea Pandu. Pandu alimbebea Ame? Hapana, Ame hakulishwa, Ame alianguka tu. Basi nani alianza? Na mkono huu ni wa nani? Hawakuutambua siku ya saba. Waliishia kwenye kiganja, wakasema ni cha upande wa mama, wakaendelea. Mkono umeijua njia kuliko mimi. Mkono haukuuliza. Baba alikunywa akafa, nikasema ni moyo. Kombo anakunywa. Nani ananisikia? Kikombe bado kina joto.

Siku ile niliondoka, nikakipitia kichupa cha wanja kilichokwisha, nikamwambia Kombo ateme mate ndani yake. Alitema bila kuuliza, maana alikuwa amezoea kufanyiwa mambo. Nikakiziba, nikakitia kifukoni, nikaenda kwa Bi Raya, anayesoma asili za watu kwa mate yao.

Bi Raya anaishi katika Nyumba ya Shanga, upande wa kilima usiotaka kutulia. Watu wa ukoo wetu hawaendi kwake. Kwa nini mtu apande ngazi zote zile kwenda kuambiwa pua yake ni ya nani, wakati mashangazi wapo na wanasema bure? Nilimkuta mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi wa gunia, mdomo mkali. Kwenye kuta zake zote zilining'inia nyuzi za shanga, kutoka darini hadi sakafuni, zikaendelea kwenye vyumba vingine ambavyo sikuviona mwisho. Rangi zilikuwa nne tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu na buluu.

"Tema," akaniambia kabla sijakaa.

Nikatema. Nikampa na kichupa cha Kombo. Akaingia ndani, akatoka na nyuzi zetu kwenye mabega yake, mbili zangu na mbili za kaka yangu, zikiburuzika chini.

"Rangi ni nne tu?" nikamuuliza.

"Nne. Wewe ulidhani umeumbwa kwa ngapi?"

"Na hizi mbili-mbili?"

"Mmoja wa mama, mmoja wa baba. Huna wa tatu. Watu wote huja hapa wakitafuta wa tatu."

Nikamwomba anionyeshe pua ya Bi Tatu. Akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Ati pua! Pua haikuletwa nzima kama mzigo wa kuni. Iko hapa kidogo, pale kidogo, punje huku, punje kule, na nyingine zimetoka kwa watu ambao pua zao hazifanani na yako hata chembe. Urefu wako ndio usiseme, umetawanyika kwenye maelfu ya punje, na bado chakula ulichokula utotoni kimetia mkono wake. Shangazi zenu wanaona sura wanataja jina. Si vibaya, ni mapenzi. Lakini si kusoma."

Akanionyesha miisho ya nyuzi, ambako punje zilirudiarudia mpango mmoja tu bila kusema kitu. Mwili hujinakili kila siku, alisema, na kila ukijinakili hupoteza kidogo hapa mwishoni. Zikipungua sana, sehemu ile hushindwa kujinakili tena. Nikamuuliza kama huo ndio uzee. Akasema ni kipande chake tu, uzee una milango mingi. Nikamuuliza nimebakiza ngapi.

"Sikuhesabu. Uzi si tarehe, baba. Kilichokuleta ni nini?"

"Moyo wa Ame."

Akapitisha vidole kwenye uzi mmoja wa Kombo, polepole, midomo ikichezacheza. Nje kilima kilijigeuza, mwanga ukahama dirisha, yeye hakuinua kichwa. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa. Palipotakiwa kuwa na nyeupe pana nyeusi. Punje moja." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini huu si moyo."

"Si moyo?"

"Ni ini. Kazi yake mojawapo ni kuyaondoa mafuta kwenye damu. Hili la kaka yako halina mikono ya kutosha ya kuyashika. Basi mafuta yanazunguka, yanaganda kwenye mishipa mwaka hadi mwaka, mpaka njia ya kwenda kwenye moyo inaziba. Moyo wenyewe hauna ubaya. Ni moyo mzima kabisa unaokosewa na jirani yake. Ana vidoa vya manjano machoni?"

"Vimetoka mwezi uliopita. Tulipiga vigelegele."

Bi Raya alivua miwani.

"Nyie mnamlisha nini huyo mtu?"

Nilitazama mkono wa shati langu, ambako samli ilikuwa imemwagika na kuganda, nikauficha nyuma ya mgongo. Naye aliuona. Hakunisema. Alikwenda akaniletea maji. Akasema kwamba punje ile haiondoki, asinidanganye mtu, Kombo atakufa nayo. Ila kufa nayo na kufa kwayo ni mambo mawili. Ashuke kitandani. Atembee. Samli na mbavu zikome. Akanifungia vidonge kwenye karatasi, kimoja kila jioni bila kukosa maisha yake yote, vya kulisaidia ini kupata mikono. Hakuniahidi kitu, alisema tu kwamba walioanza wakiwa wamechelewa kuliko Kombo wapo, na wengine wao bado wanamsumbua kwa maswali.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

"Hukuuliza la kwako," akasema.

"La kwangu si lilelile?"

"Huna. Baba yenu alikuwa na nyuzi mbili, mmoja una punje nyeusi na mmoja hauna. Kaka yako aliangukia ule, wewe ukaangukia huu. Hakuna aliyechagua."

Sina. Nilishuka ngazi, au nilizipanda, sikumbuki. Sina. Shangazi aliweka sikio akasikia alichokitarajia. Miaka arobaini na tisa nimekuwa mtu wa muda mfupi. Sikupanda mnazi, nani atakunywa dafu? Sikujifunza kupuliza zumari, linataka miaka kumi. Nilimwacha Mwanamize, niliyempenda, aolewe na mwingine kwa sababu nilimwonea huruma ujane. Sina. Nikacheka peke yangu njiani, na mtu akanisalimu mabega, nikashindwa kuitika. Halafu furaha ikafika mahali ikagonga kitu kigumu. Mimi niliyekuwa sina ndiye niliyekuwa nikibeba kikombe.

Nilimkuta Shangazi Mwanaisha chumbani kwa Kombo, amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe cha jioni kiko mikononi mwake kwa kuwa mimi nilichelewa. Nikaeleza yote nimesimama. Ini, mafuta, mishipa, punje. Sikuifanya hadithi nzuri. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote.

"Mcha, mwanangu," akasema, "mie nimewasikiliza watoto wa nyumba hii tangu sijaolewa. Nakwambia ni moyo. Nimewazika kaka yangu na baba yangu. Leo mwanamke mwenye shanga ajue kuliko mie? Unataka kumsimamisha ndugu yako aanguke kama Ame, na jembe mkononi?"

"Shangazi, Ame alianguka hamsini na moja bila samli. Baba alikunywa samli akaanguka hamsini na moja. Tumepata nini?"

"Tulimpumzisha."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na kwa sauti ile nilijua kwamba hesabu hiyo alishaipiga zamani, akaikunja, akaiweka asikoiona.

Kombo alinyoosha mkono, akachukua kikombe kutoka kwa Shangazi, akakitazama ndani. Samli ilikuwa imeanza kupoa na kufanya ngozi juu. Akaigusa kwa kidole.

"Kwa hiyo mfereji umeziba," alisema polepole, kifundi, "na sisi tumekuwa tukiumiminia chokaa."

"Ndivyo."

"Hapa naheshimiwa, Mcha. Nikishuka hapa mie ni nani? Mwashi mzee mwenye tumbo."

"Utakuwa mwashi mzee."

"Hakuna mzee kwetu. Sijui hata anakaaje." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Na Baba?"

Nilijua swali litakuja.

"Mimi ndiye niliyembebea kikombe," nikasema.

"Na mie nilimshikia kichwa," akasema Kombo. "Alikuwa hataki siku nyingine. Nilikuwa namshika hapa, nyuma ya shingo, namwambia kunywa Baba, kwa ajili yetu."

Shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Hatukulia kwa sauti. Tulikaa watatu ndani ya jambo lile, watu waliomuua mtu kwa kumpenda, na hapakuwa na wa kumlaumu wala wa kumwomba radhi. Ubani uliendelea kufuka. Kitu ambacho bado kinanishangaza ni kwamba ndani ya uchungu ule, chini yake kabisa, nilihisi utulivu, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika vizazi vinne tulikuwa tunajua kinachotuua.

Kombo aliweka kikombe dirishani. Akasogea ukingoni. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Unyayo wake ulikuwa umekuwa laini na mweupe chini, wa mtoto, na alipoukanyagisha sakafuni alifyonya kwa baridi. Nikamshika upande mmoja. Shangazi alibaki amekaa kwa muda mrefu, kisha akainuka akamshika upande wa pili, akinung'unika kwamba Kombo akianguka, wote tumesikia yeye alivyosema.

Kombo alitembea hadi mlangoni akarudi. Akahema sana. Hakuanguka.

Sitadanganya kwamba yote yalikuwa mepesi. Mji ulitusema. Watu hawakujua wamsalimu vipi mtu aliyeshuka kutoka kitanda kile, na wengine waliikwepa njia yetu wasije wakamshuhudia akidondoka. Kombo alilia kwa hamu ya mbavu za kukaanga, namaanisha alilia machozi. Alikula mboga za majani na samaki wa kuchoma akivilaani kwa majina. Kila jioni kidonge. Kila asubuhi ngazi, na kilima kilikuwa kikitufanyia vitimbi, tunapanda kwenda na kupanda kurudi. Kwanza ngazi kumi, baadaye mia. Baadaye akaomba mwiko wake wa kujengea. Akaanza na ukuta mdogo wa uani ambao hakuna aliyeuhitaji.

Siku aliyotimiza hamsini na mbili ukoo mzima ulikuja kukaa uani, kimya, wakimtazama. Alipiga lipu ukuta ule upande wa jua. Adhuhuri ikaja. Akala wali na maharage. Alasiri ikaja. Akaosha mwiko. Hakuna kilichotokea, na sijawahi kuona jambo kubwa kama lile. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakitembea polepole, kwa kuwa walikuwa wamezoea kutoka nyumba yetu wakiwa nyuma ya jeneza na hawakujua mwendo mwingine.

Mimi nilipanda minazi sita. Zumari nalo nalipuliza. Kombo husema ni adhabu aliyopewa kwa kukataa kufa.

Miaka ikaja kwa namna yake, huu kabla ya ule, mwingine mara mbili. Mwili wa Kombo ukaihesabu kwa mpangilio. Asubuhi moja, akiwa na hamsini na nane, alipiga kelele ya kuniita. Nilikimbia ukumbi ule mrefu roho mkononi, nikamkuta amesimama mbele ya kioo, amejishika paji la uso.

"Hizi ni za nani?" akaniuliza.

Ni nyusi. Zilikuwa zimekuwa nyeupe pe, tena ndefu, zimejikunja na kushuka juu ya macho. Nadhani zilianza kidogokidogo tusizione, maana tunaotazamana kila siku hatuonani. Hatukuwahi kuona nyusi za namna ile. Upande wa mama hazikuwapo, mama alikufa mzee na nyusi zake zilikuwa uzi mwembamba. Tukapitia majina yote tunayoyajua, tukakwama. Kombo, mtu mzima na wajukuu wawili, alitingwa na wasiwasi wa kitoto kwamba amepata kitu kisicho na mwenyewe.

Tukamwita Shangazi Mwanaisha. Alikuwa na themanini na sita na macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, hivyo Kombo alipiga magoti mbele yake ili azishike. Alizipapasa kwa vidole gumba vyote viwili, kutoka katikati kwenda nje, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Za Vuai," akasema.

"Baba hakuwa na nyusi hizi, Shangazi," Kombo akamwambia kwa upole. "Nilimshikia kichwa. Zilikuwa nyeusi na fupi."

"Alikuwa nazo. Hakuzifikia."

Akauvuta ule uso karibu na wake, akaulaza shavuni pake, akaendelea kuzilainisha zile nyusi nyeupe kwa kidole gumba.

"Kumbe ungekuwa hivi," akamwambia, "kumbe ungekuwa hivi, kaka yangu."